Shaka Ni Mzigo wa Nani?

Wanazuoni wa fikihi waliotutangulia, kila walipofikwa na jambo ambalo nafuu na madhara yamefungamana ndani yake hata haiwezekani kuitwaa nafuu pasi na kuyagusa madhara, waliuliza kwanza lipi kati ya hayo mawili ni zito, kisha wakauliza ni nani atakayeangukiwa na uzito huo, mwenye kuamua au mwenye kuamuliwa. Swali lao ni la kale, walakini katika zama zetu limeingia mahali ambapo wao wasingeliweza kupadhania: katika chumba cha sumaku cha hospitali, ambamo mtoto mwenye betri ya moyo iliyopandikizwa mwilini huletwa kwa kipimo cha MRI, na tabibu, baada ya kutazama aina ya waya unaoiunga betri ile na moyo, huwaambia wazazi kwamba kipimo hakitafanyika kwa kuwa haijulikani kama ni salama. Tabibu hasemi kuwa ni hatari, husema haijulikani. Nami nataka kuuliza kama kukataa huko ni hadhari iliyo njema mbele ya Mungu na mbele ya akili, au kama ni kumtwika mtoto ujinga ambao kwa insafu ulipasa kubebwa na watu wazima.

Yafaa ikumbukwe kwamba betri ya moyo yenye kubebeka, hiyo ambayo leo aghalabu twaiona kuwa chombo cha wazee, iliingia katika utabibu kwa mlango wa watoto. Katika miaka ya 1950, C. Walton Lillehei, mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, alikuwa akiifungua mioyo ya watoto waliozaliwa na tundu katika ukuta wa moyo na kuliziba. Na kwa baadhi yao uzi uleule uliokuja na shifaa ukaidhuru njia ambayo ishara ya mapigo hupitia, mtoto akatoka katika upasuaji na moyo uliozibwa vyema lakini usioweza tena kujiongoza mwendo. Lillehei akawa anashona waya katika nyama ya moyo yenyewe, na ncha ya pili ya waya ule akaipeleka kwenye mashine iliyochomekwa ukutani. Hata tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulipokatika mjini Minneapolis, ikadhihiri jinsi uhai wa watoto wale ulivyokuwa umefungwa katika swichi ya ukutani. Ndipo alipomwendea Earl Bakken, fundi wa vyombo vya hospitali aliyefanyia kazi yake katika banda la magari, na Bakken, akitumia mchoro wa metronomu aliouona katika gazeti la mafundi wa umeme, akamtengenezea kwa muda wa wiki chache kisanduku chenye betri ambacho mtoto aliweza kutembea nacho. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 1958, huko Stockholm, mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist wakakiingiza kifaa kizima ndani ya mwili wa mtu mzima, Arne Larsson, ambaye kifaa chake cha kwanza hakikudumu hata siku moja, na ambaye hata hivyo aliishi mpaka mwaka 2001, akiwa amekwisha kubadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini. Basi watoto wa Minneapolis walitangulia, na watu wazima wakafuata. Linalonishughulisha ni jinsi waliotangulia walivyogeuka kuwa wa mwisho.

Mashine ya MRI, kwa upande wake, ni katika neema kubwa ambazo elimu ya maumbile imeupa utabibu. Paul Lauterbur alichapisha picha yake ya kwanza ya namna hii mwaka 1973, Peter Mansfield wa Uingereza akaiendeleza hisabati na mbinu zake, na wote wawili wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Siri yake ni maji. Mwili wa mwanadamu umejaa maji, na ndani ya kila tone la maji mna haidrojeni isiyohesabika, ambayo kiini chake hufuata sumaku. Mtu akilazwa katika tundu la mashine ambamo nguvu ya sumaku, kwa kipimo cha kawaida cha tesla moja na nusu, inaishinda ya ardhi tuikanyagayo kwa kiasi cha mara 30,000, viini hivyo hujipanga, kisha mawimbi ya redio yenye mitikisiko milioni 64 kwa nukta moja ya saa huviyumbisha, navyo vikirudi mahali pake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Hakuna mionzi ya eksirei inayopita mwilini. Kwa hiyo tabibu wa watoto, ambaye anajua kwamba mwili unaokua hudhuriwa na mionzi kuliko mwili uliokwisha kukomaa, na kwamba mtoto ana umri mrefu mbele yake wa kuyavuna madhara hayo, huipenda MRI kuliko kipimo cha CT kila inapowezekana. Na kwa uvimbe wa ubongo, kwa kifafa kisichosikia dawa, kwa maradhi ya uti wa mgongo, na hata kwa moyo wenyewe uliozaliwa na kasoro, mara nyingi hakuna picha nyingine inayomwonesha anachotaka kukiona.

Lakini mawimbi ya redio hayaulizi kama yanapita katika nyama au katika madini. Waya mrefu uliolazwa mwilini huyapokea kama antena inavyoyapokea, na nguvu iliyopokelewa huteremka mpaka kwenye ncha, pale ambapo madini yaliyo wazi yameshikana na nyama ya moyo, ikawa joto; na joto likizidi huichoma nyama ile, ikawa kovu, na moyo ukaacha kuisikia betri. Kiasi cha joto hilo hutegemea urefu wa waya na jinsi ulivyopindwa: katika mwili wenye maji mengi wimbi la mitikisiko milioni 64 lina urefu wa takriban nusu mita, na waya uliokaribia nusu ya hapo, yaani sentimita 25 hivi, huwa umekaa mahali pabaya sana. Tena kuna khofu ya pili, kwamba sumaku na mawimbi vinaweza kuichanganya akili ya kifaa, kikaacha kupiga au kikapiga bila ya kuhitajiwa. Ndiyo maana kabla ya kipimo kifaa hupangwa upya na wanaokijua, na mgonjwa hulindwa kwa macho na kwa mashine muda wote alio ndani.

Kwa watu wazima khofu hizi zimepimwa. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani iliidhinisha betri ya moyo ya kwanza nchini mle iliyoruhusiwa kuingia katika MRI kwa masharti maalumu, na zikafuata nyingi. Hata zile za zamani zisizokuwa na idhini hiyo zilichunguzwa: matokeo ya uchunguzi uitwao MagnaSafe, uliochapishwa mwaka 2017, yalihusu vipimo 1,500 vya sehemu za mwili zisizokuwa kifua, 1,000 kwa wenye betri ya moyo na 500 kwa wenye kifaa cha kushtua moyo, na wakati wa vipimo hivyo hakufa mtu wala hakuna waya ulioharibika; kifaa kimoja tu kililazimu kubadilishwa papo hapo, nacho hakikuwa kimepangwa sawasawa kabla ya kipimo. Lakini hao wote walikuwa watu wazima. Mwaka huohuo jopo la wataalamu wa mapigo ya moyo likatoa mwongozo uliowafungulia mlango wenye vifaa vya zamani, isipokuwa likautia mlango ule kufuli tatu: usiwepo waya uliovunjika, usiwepo waya ulioachwa mwilini bila ya kazi, wala usiwepo waya ulioshonwa juu ya moyo.

Mwenye kujua hali ya watoto akizitazama kufuli hizo tatu anaona kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyeelezwa. Mishipa ya mtoto mchanga ni myembamba, haiwezi kupitisha waya bila ya khatari ya kuziba. Na katika baadhi ya maumbile ya kuzaliwa nayo, ambamo moyo una chumba kimoja tu cha kusukuma damu na mishipa imeelekezwa upya kwa upasuaji, hata waya mwembamba hauna njia ya kufika. Kwa hiyo mpasuaji hufungua kifua na kuushona waya juu ya moyo, kama Lillehei alivyokuwa akifanya, na betri akaiweka tumboni. Mtoto hukua, waya haukui. Huvutika, hukatika, hushonwa mwingine kando yake, na ule wa kwanza huachwa, kwa sababu kuung'oa katika makovu ni upasuaji wa khatari kuliko kuuacha. Akifika umri wa kubaleghe huwa amebeba kifuani mwake historia nzima ya nyaya, nzima na mbovu, za kampuni hii na za kampuni ile. Wala makampuni hayakufanya haraka kuziombea idhini nyaya za juu ya moyo, maana wanaozihitaji ni wachache, na gharama ya kuthibitisha usalama wa kitu haipungui kwa sababu wanunuzi ni watoto.

Hapa ndipo panapoingia hoja ya mafakihi. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi aliyeishi Damascus na Kairo na kufariki mwaka 1262, katika kitabu chake cha kanuni za sharia aliufananisha utabibu na sharia yenyewe, kwa kuwa vyote viwili vimewekwa ili kuleta afya na salama na kuondoa maangamizi na maradhi. Akaeleza kwamba pale isipowezekana kuyaondoa madhara yote, basi yakiwa sawa mtu huchagua, yakitofautiana hutanguliza kuliondoa lililo zito, na daraja zake zisipojulikana husimama. Kusimama huko ndiko waitako tawakufu. Mwenye kutaka kumtetea daktari anayekataa ataikimbilia kauli hii ya mwisho, naye hatakuwa amekosa adabu ya elimu: hatujui joto la waya huu katika mwili huu, basi na tusimame.

Lakini tawakufu ya mwanazuoni ina masharti ambayo wanaoikimbilia huwa hawayataji. Ya kwanza ni kwamba ni hali ya njiani. Mwenye kusimama kwa ujinga amewajibika kuutafuta ujuzi, na kama ujuzi unapatikana naye hakuutafuta, kusimama kwake hakuitwi tena uangalifu, huitwa uzembe. Ya pili ni nzito kuliko hiyo. Tawakufu inafaa pale ambapo jambo lenyewe nalo husimama, likamngoja mwenye kulitafakari, kama ardhi yenye mgogoro inavyowangoja mahakimu mwaka na miaka. Lakini uvimbe ulio katika ubongo wa mtoto haungoji. Aliyesimama mbele ya maradhi yanayokwenda ameamua, apende asipende, na uamuzi wake ni kuyaachia maradhi yaende.

Katika elimu ya usuli, wanazuoni walijadiliana sana kama kuacha ni tendo. Wako waliosema kuwa kuacha ni kutokuwepo kwa tendo, na kisichokuwepo hakihesabiwi. Na wako waliosema kwamba mtu anayeizuia nafsi yake amefanya kazi ya kuizuia, na kazi hiyo ina malipo na ina adhabu. Siwezi kuumaliza mjadala uliowashinda wakubwa kuumaliza, lakini katika jambo la mtoto aliye chini ya dhamana naona kwamba upande wa pili una nguvu, na ushahidi wangu nauchukua katika mali ya yatima. Imepokewa kutoka kwa Khalifa Umar kwamba aliwaamuru walezi waifanyie biashara mali ya mayatima, isije ikaliwa na zaka. Tutazame jinsi agizo hilo lilivyo la ajabu kwa mwenye tabia ya woga. Biashara ina khatari. Jahazi huzama, bei huanguka, wadaiwa hutoroka. Na mlezi mwoga angeliona kuwa njia ya salama ni kuifunga fedha katika sanduku na kumkabidhi mtoto siku atakapofikia rushdi. Lakini sanduku nalo hula. Mlezi aliyefunga sanduku hakuilinda mali, ameilinda nafsi yake isilaumiwe, na khasara ameiacha iingie polepole mahali ambapo hapana mtu wa kuitia katika hesabu. Agizo la Umar halikumruhusu mlezi kucheza na mali ya yatima. Lilimnyima udhuru wa kutofanya kitu.

Kwa kiasi hicho nakihukumu kile kikao cha hospitalini. Daktari akifanya kipimo na mtoto akadhurika, madhara yana jina, yana tarehe, yana mtu wa kuulizwa. Daktari akikataa, na uvimbe ukagunduliwa umechelewa, au mtoto akapasuliwa kichwa kwa kubahatisha, au akapigwa eksirei za CT mwaka baada ya mwaka, madhara hayana mwenyewe, huitwa kudra. Nami sina ugomvi na kudra. Nina ugomvi na mtu anayemsingizia Mwenyezi Mungu lile aliloliamua yeye mwenyewe kwa kalamu yake.

Walakini nisieleweke kwamba naidharau shaka. Sumaku si jambo la mchezo, na historia ya vyumba vyake ina misiba iliyotokana na watu kufanya wepesi. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa umri wa miaka sita aliyekuwa amelazwa ndani ya mashine aliuawa na mtungi wa oksijeni wa chuma ulioingizwa chumbani, ukavutwa na sumaku kwa nguvu isiyozuilika. Wala katika mtungi ule hamkuwa na sayansi yoyote ngumu, ulikuwa mghafala wa watu tu. Miaka ya mwanzo ya MRI vilevile ilileta taarifa za wenye betri za moyo waliofia ndani ya mashine, baadhi yao wakiwa wameingizwa pasi na mtu kujua wanacho kifaa. Madaktari waliopandisha ukuta baada ya hapo walikuwa na haki. Nasema tu kwamba ukuta uliojengwa kwa haki unaweza kubaki mahali pake baada ya haki yake kwisha, na kwamba mwenye kuulinda anadaiwa sababu kama anavyodaiwa mwenye kutaka kuubomoa.

Sasa lipo swali lililo gumu kuliko hilo, nalo ni la njia: huo ujuzi unaokosekana utapatikanaje, ikiwa hatuwezi kuwatia watoto katika mashine kwa ajili ya kujifunza? Swali hili liligombaniwa kwa uwazi mkubwa na wanatheolojia wawili wa Marekani katika miaka ya 1970. Paul Ramsey, Mmethodisti aliyefundisha Princeton, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya mgonjwa kama mtu, alishikilia kwamba mtoto hawezi kutoa ridhaa, na kwa hiyo hapana mzazi wala serikali iwezayo kuitoa kwa niaba yake katika jaribio lisilokuwa la kumtibu yeye mwenyewe. Hata pasipo na madhara yoyote, kumtumia ni kumkosea, kwa sababu ametendwa kana kwamba ni chombo. Richard McCormick, padri wa Kijesuiti, akamjibu mwaka 1974 kwamba mtoto naye ni mwana wa jamii ya wanadamu, na yapo mambo ambayo kila mwanadamu imempasa kuyataka kwa ajili ya wenzake, maadamu khatari yake ni ndogo mno; basi mzazi anayeridhia kwa niaba ya mtoto anaridhia lile ambalo mtoto mwenyewe ilimpasa kuliridhia.

Mimi, nikitakiwa nichague, moyo wangu u pamoja na Ramsey, kwa sababu nimeona katika historia jinsi neno jamii linavyotumika kuchukua kwa wanyonge kile ambacho wenye nguvu hawakitoi. Lakini hoja ya Ramsey ikiachwa peke yake inatuletea matokeo ya kusikitisha ambayo wakosoaji wake waliyaona: kwa kumlinda mtoto na majaribio, tunamwacha bila ya ujuzi, na mtoto aliyeachwa bila ya ujuzi ndiye anayekuja kukataliwa mlangoni, au ndiye anayejaribiwa kila siku kwa siri, kila tabibu akibahatisha peke yake bila ya kuandika alichokiona. Ulinzi wa namna hiyo humgeukia anayelindwa.

Katika jambo hili la waya wa moyo, kwa bahati njema, uko upenyo ambao wanatheolojia wale hawakuhitaji kuufikiria, nao ni sanamu. Watafiti wa Northwestern University huko Chicago, katika kundi lililoongozwa na Laleh Golestani Rad, walitengeneza umbo la mtoto mdogo, wakalijaza ute mzito wenye chumvi unaopitisha umeme kama mwili unavyoupitisha, wakalaza ndani yake nyaya halisi za moyo katika mapito ya kila namna, kisha wakaliingiza katika mashine na kupima joto kwenye ncha za nyaya. Na pamoja na sanamu hizo wakatumia miili ya hisabati ndani ya kompyuta, ambamo waya mmoja waweza kupindwa mara nyingi kuliko mpasuaji awezavyo kuushona maishani mwake. Kwa njia hii imeonekana kwamba joto la waya mmoja na la mwingine haviwi sawa hata kama nyaya zenyewe zimetoka katika kiwanda kimoja: pito la waya hubadilisha mambo, urefu hubadilisha, nguvu ya sumaku hubadilisha, na hata mkao wa mashine, kwa maana mashine ambayo sumaku yake imesimama wima hulielekeza wimbi kwa namna nyingine. Fauka ya hayo wako watoto waliokwisha kupimwa kwa sababu maradhi yao yenyewe yalilazimisha. Hao hawakutumiwa kwa ajili ya wengine, walitibiwa, na kuyaandika yaliyowapata kwa uaminifu hakuwaongezei khatari yoyote. Mwaka 2021 wataalamu wa mapigo ya moyo ya watoto walipoandika mwongozo wao wenyewe, ile marufuku ya jumla juu ya nyaya za juu ya moyo ilipungua ukali, kila mtoto akaachiwa atazamwe kwa hali yake, maslahi yakipimwa na madhara.

Sanamu ile, kwa macho ya mwenye kufikiri, imeubeba mzigo ambao Ramsey hakutaka ubebwe na mtoto na ambao McCormick alidhani hauna mbebaji mwingine. Ndiyo maana nasema kwamba shaka iliyobaki leo si ya aina ileile iliyokuwapo miaka thelathini iliyopita. Ile ilikuwa shaka ya watu wasiokuwa na njia ya kujua. Hii ni shaka ya watu walio na njia, na wanaoambiana kwamba njia ni ghali. Mafakihi walitofautisha ujinga ambao ni udhuru na ujinga ambao si udhuru, na tofauti yenyewe ilikuwa hiyohiyo: je, aliweza kuuliza? Kampuni inayouza waya wa kushonwa juu ya moyo wa mtoto inaweza kuuliza. Serikali inayoidhinisha waya huo inaweza kuilazimisha iulize. Aliyekuwa hawezi kuuliza ni mmoja tu, naye ndiye anayerudishwa nyumbani bila ya picha.

Na tusidhani kwamba haya ni mambo ya Chicago na Stockholm peke yake. Popote matundu ya mioyo ya watoto yanapozibwa, wachache kati yao hutoka wakihitaji betri. Na upasuaji huo sasa hufanywa kwetu, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam, ambayo ilianza kujitegemea mwaka 2015, na katika hospitali kubwa za Nairobi. Kwetu sisi tatizo lina pembe ya ziada. Idhini ya kuingia katika MRI hutolewa kwa kifaa kizima, betri na waya wake pamoja. Betri iliyotoka kampuni moja ikiungwa na waya wa nyingine, hata kama kila kimoja ni kizuri peke yake, idhini imeondoka. Nchi zinazopokea vifaa kwa hisani, na zile zinazotazamia miradi kama ule wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambamo betri za moyo za marehemu husafishwa na kutumwa kwa wasioweza kununua, zina haki ya kuipokea hisani hiyo kwa shukurani, kwa kuwa moyo usiopiga hauwezi kungoja idhini ya sumaku. Lakini anayempandikizia mtoto kifaa leo anafunga au anafungua milango ya miaka sitini ijayo, na mtoto huyo ana haki kwamba milango hiyo itajwe mbele ya wazazi wake kabla ya kisu, isije ikagunduliwa baada ya miaka kumi wanapokuja na barua ya rufaa mkononi.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenye watoto wa namna hii wafanye jambo dogo lililo ndani ya uwezo wao. Kabla ya kutoka hospitalini na mtoto, ombeni karatasi iliyoandikwa jina la betri na kampuni yake, jina la kila waya, urefu wake, mahali uliposhonwa, na kama upo mwingine ulioachwa ndani. Wekeni nakala yake pamoja na cheti cha kuzaliwa, na iongezwe kila betri inapobadilishwa. Siku tabibu atakapowaambia kwamba MRI haiwezekani, msimgombeze, bali mwombeni kwa adabu aandike katika faili mambo matatu: anachokikhofia katika waya huu hasa, maradhi anayoyaachia kwa kutopima, na hospitali aliyoiuliza kabla ya kusema hapana. Nanyi matabibu, mkiombwa hayo, msione kuwa mmeshitakiwa. Mtoto ana haki ya kuuona uamuzi wa kukataa umeandikwa na kutiwa saini, kama ulivyo uamuzi wa kukubali.